Kitako cha Mtungi

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msomaji asijisumbue kumtafuta katikati ya watu waliojaa uani kwa marehemu Chenge. Walikuwapo walevi wawili, alikuwapo mjumbe wa nyumba kumi aliyesahau jina la marehemu katikati ya risala, na bado mpumbavu alikuwa Muharami wa Kisarawe, fundi baiskeli wa Mkolani, mimi mwenyewe.

Mimi ni Mzaramo, Chenge alikuwa Msukuma. Baina ya makabila haya mawili kuna utani wa tangu enzi za misafara ya miguu, babu zao waliposhuka pwani na mizigo mabegani, babu zetu wakawapokea kwa matusi na maji ya kunywa. Nilifika Mwanza nikiwa taniboi wa lori lililoharibika, tajiri wake akaenda kutafuta spea na hajarudi hadi leo. Mtu wa kwanza kunitukana kwa mapenzi mjini hapa alikuwa Chenge.

"We Mzaramo!" alinipigia kelele getini kwa kiwanda cha nguo nilikokwenda kuomba kibarua. "Umekuja kula samaki wetu, au umekuja kuoa?"

"Nimekuja kuwafundisha kuoga," nikamjibu. "Ziwa mnalo, matumizi yake hamyajui."

Kibarua nilikipata, na jioni ile nililala kwake, mkewe Ng'washi akanipa sahani ya ugali iliyojaa kuliko ya mwenye nyumba.

Chenge hakupiga kelele kwa ukali. Wafumaji wote walipiga kelele. Alisimama mbele ya mashine za kufuma miaka ishirini na miwili, na mashine zile zilimla masikio polepole kama mchwa alavyo mlango. Sauti nene alizisikia kidogo. Sauti nyembamba, za watoto, za filimbi, za ndege, zilimtoka zote. Kiwandani walizungumza kwa midomo na mikono, na nyumbani aliendelea hivyohivyo, hata Ng'washi akajifunza lugha ile ya vidole bila kukanyaga kiwandani.

Mwaka wa tisini na tatu karatasi ilibandikwa getini. Majina mia mbili na kitu, la Chenge limo, langu limo. Walituita waliopunguzwa, kama chumvi. Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa: ruksa kuleta masufuria kutoka Dubai, ruksa kuanzisha chama cha siasa, ruksa kumwambia mtu aliyefuma vitenge tangu ujana wake kwamba kitambaa chake hakina soko, kwa sababu huko Ulaya kuna mtu amevua shati lake akalitia kwenye belo la mitumba. Mimi dunia ilishanifunda zamani, nikaokota spana nikafungua genge la baiskeli kando ya barabara. Chenge alirudi nyumbani, kwenye vyumba viwili alivyovijenga mwenyewe chini ya mawe ya Mkolani, akakaa uani nyuma ya jiko. Akakaa. Siku ile nilidhani tutamzika kabla ya wakati.

Ndipo ndege wakaanza kuja.

Au tuseme alianza kuwaita. Chini kwenye ardhi aliweka kitako cha mtungi, ile sehemu ya chini inayobaki chungu cha maji kikivunjika, kipana, cha kina kifupi kama sahani ya supu. Kila alfajiri alikijaza maji, kando yake akamwaga konzi moja ya chenga za mtama. Walikuja tetere, walikuja shomoro, walikuja chiriku. Zaidi ya wote walikuja mnana, wale ndege wa manjano wanaofuma viota vya majani, waliokuwa na kijiji chao kizima kwenye mgunga wa jirani.

"Watazame, Muharami," Chenge aliniambia kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Wafumaji wenzangu hawa. Wao hawakupunguzwa!"

Alikaa kwenye kigoda, amevaa ovaroli yake ya bluu ya kiwandani, akawatazama wakinywa. Akishawaona wametimia husema, "Zamu ya asubuhi imeingia." Kuimba kwao hakukusikia. Ng'washi ndiye aliyesimama mlangoni kwa jiko, na ndege wakianza, huinua mkono akafungua na kufunga vidole, fungua, funga, haraka au polepole kadiri wanavyoimba. Chenge humtazama mkewe vidole, halafu huwatazama ndege, halafu hutikisa kichwa kama mtu aliyesikia.

Mimi niliwacheka wote wawili. Ndiyo kazi yangu.

Aliyeshindwa kucheka alikuwa Paulo, mdogo wake Chenge, mkulima wa Sengerema. Paulo ni mtu mwema, ila herufi h kwake ni mwiko. Husema "abari" na "amjambo", nami nilikwisha mwambia kwamba h zote anazozidondosha kwenye kivuko akija Mwanza nitaziokota nimuuzie kwa kilo, maana sasa biashara ni huria. Siku alipokuja akamkuta kaka yake anamwaga mtama chini kwa ajili ya ndege, alishika kichwa.

"Kaka, una wazimu? Sisi utoto wetu wote tumeuacha juu ya dungu shambani! Kombeo mkononi, tangu jua kutoka adi jua kuzama, tukiamia awaawa! Ukisinzia wanamaliza shamba, baba anakumaliza wewe. Leo unawakaribisha?"

Kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, ni neno lisilo na h tangu asili, kwa hiyo hapo Paulo hakudondosha kitu. Chenge alimsoma midomo mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa mara moja katika maisha yake, kwa sauti ya chini:

"Paulo, utoto wangu wote niliwafukuza. Nilikuwa sijajua kufukuzwa kukoje."

Aliishi miaka miwili baada ya karatasi ile ya getini. Kifua kilikuwa kimejaa pamba, naye aliendelea kuikohoa hata baada ya kiwanda kumsahau. Akatutoka mwezi wa sita, tisini na tano, kiangazi kinaanza, asubuhi, baada ya ndege kunywa.

*

Sasa njooni msibani mnione.

Watani tuna kazi yetu msibani, na yeyote aliyelelewa vizuri anaijua. Waliofiwa wanalia, sisi tunawachekesha ili wasipasuke. Nilivaa ovaroli ya bluu ya marehemu. Nikakohoa kama yeye. Nikazunguka kati ya wafiwa na konzi ya mtama nikiwarushia: "Kuleni! Zamu imeingia! Mbona mnalia, mmepunguzwa?" Wanawake walilia na kucheka kwa pumzi moja. Hata mzee Antoni, baba mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo, aliyetoka Sengerema na fimbo yake, alificha meno kwa kofia. Paulo yeye kila mara alitazama juu, kundi la ndege likipita, akahesabu siku kwa vidole. Nikamuuliza kama anasubiri ndege ya serikali.

"Mtama wangu unaanza kuiva, mtani," akasema. "Msiba umekuja vibaya."

Nilipoona watu wamechangamka, nikachukua kile kitako cha mtungi, nikamwaga maji yake, nikakivaa kichwani kama kofia ya askari. Nikatangaza kwamba marehemu haondoki bila chombo chake. Watu wakapiga makofi. Tukaenda makaburini nikiwa mbele na kofia yangu ya udongo.

Kwetu, nilipokuwa mtoto, niliona makaburi ya wazee yamewekwa bakuli na vikombe vyao walivyotumia, na kila chombo kimetobolewa ili mwizi asikitamani. Niliona ni heshima kubwa. Kwa hiyo udongo uliposhindiliwa na msalaba ukasimamishwa, nikaweka kitako cha mtungi miguuni mwa kaburi, nikatoa spana namba kumi na saba mfukoni mwa ovaroli, nikagonga mara moja. Ko. Tundu likafunguka duara safi, kazi ya fundi.

"Haya, Chenge," nikasema. "Huko uendako, walishe na wa huko."

Watu walicheka. Ng'washi hakucheka. Alitazama lile tundu, akavuta upande wa kanga, akajiziba mdomo. Nami nikajisemea moyoni: ameguswa.

*

Asubuhi iliyofuata nilipitia kwake kabla ya kufungua genge. Nyumba ilikuwa bado na wageni, wanaume wamelala sebuleni kwenye mikeka. Nikazunguka uani. Ng'washi alikuwa amesimama katikati ya ua, jagi la maji mkononi, hatikisiki.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma changu cha kuvunjika; mayu ni mama.

"Mwangaluka, mtani." Hakugeuka.

"Unamwagilia nini hapo, na hakuna mmea?"

"Nimechota maji kama kila siku. Nimefika hapa ndipo nikakumbuka hakuna pa kuyatia."

Juu ya kamba ya kuanikia nguo walikuwa wamepangana, kama kumi na tano hivi, mnana na shomoro. Walishuka chini, wakaruka-ruka pale kwenye alama ya duara iliyobaki kwenye vumbi, wakarudi kambani. Wakashuka tena. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka mwezi wa pili sasa, na kijito cha nyuma ya mawe kilikuwa kimebaki mchanga. Ukipanda juu ya mawe yetu unaliona ziwa lote limelala pale, lakini kuliona ziwa si kunywa.

"Nitaleta chombo kingine," nikasema. "Kile cha Chenge nilimwekea mwenyewe kaburini, kwetu ni…"

"Hakikuwa cha Chenge," Ng'washi akasema. "Kilikuwa changu."

Akaweka jagi chini, akakaa kwenye kigoda cha mumewe.

"Mtungi ule alinipa mama nilipoolewa. Niliubeba kichwani kutoka Magu. Siku ile Chenge aliposoma jina lake getini, alikuja moja kwa moja mpaka hapa jikoni. Hakunisalimia. Akaupiga teke. Mwanamume huyu hajawahi kuninyanyulia mkono, mtani, unajua. Siku ile alipiga mtungi wa mama yangu, maji yakatapakaa jiko zima, akaingia ndani akalala na viatu. Asubuhi nimeamka namkuta hapa chini. Amekusanya vigae vyote ametupa, amebakiza kitako, anakisugua kingo kwa jiwe. Alisugua mpaka jua likawa kali. Kikawa laini, ukipitisha kidole hukatiki. Akakijaza maji, akakiweka hapo. Mimi nimenuna, namtazama tu. Akaja ndege mmoja, akanywa. Chenge akaniita kwa mkono, njoo uone."

"Akakuomba radhi?"

"Chenge? Neno lile hakuwa nalo. Alikijaza maji kesho yake. Na kesho yake. Nami nikaelewa kwamba ndiyo radhi yenyewe, anaitia maji kila asubuhi." Akawatazama ndege kambani. "Miaka miwili, mtani. Mimi nilikwisha kumsamehe mwezi ule ule. Sikumwambia. Niliogopa nikimwambia imetosha, ataacha."

Nilitafuta mzaha. Mimi huwa nao mifuko yote miwili. Siku ile nilipekua nikakuta misumari.

"Mbona hukunizuia pale kaburini?"

"Ningekuzuiaje? Wewe ni mtani. Anayemkasirikia mtani msibani, kosa ni lake."

"Basi naenda kukichukua sasa hivi."

"Kilichokwenda kwa wafu hakirudi kuwanywesha walio hai." Akainuka, akachukua jagi lake. "Tena kina tundu."

Ndege mmoja wa manjano akaanza kuimba kambani. Niliuona mkono wa Ng'washi ukiinuka wenyewe, vidole vikafunguka, vikafunga, vikafunguka, kisha akauona mkono wake, akaushusha.

*

Mtu mwenye akili angekaa chini afikiri. Mimi nilipanda baiskeli hadi stendi ya Nyegezi, nikanunua kwa machinga beseni la plastiki, jekundu, jipya, linang'aa kama mdomo wa bibi harusi. Enzi hizo mabeseni yale ndiyo kwanza yalikuwa yameingia kwa wingi, na kila nyumba iliona udongo ni ushamba. Jioni nililiweka palepale kwenye ile alama ya duara, nikalijaza maji mpaka juu. Nikajipongeza.

Asubuhi nilimkuta Paulo uani, mikono nyuma, anatazama ndani ya beseni.

"Abari za asubui, mtani," akasema. "Njoo uone."

Mnana alikuwa anaelea kifudifudi, mabawa yameachana. Alitua ukingoni akateleza, au alifika chini akakosa pa kushika. Ukuta wa plastiki ni mrefu na haushiki kucha unapoukwaruza.

"Afadali wewe," Paulo akasema. "Mimi na kombeo langu sikuwai kuua kwa uraisi namna iyo. Ningekuwa nawe kule kwangu! Mtama umeiva, watoto wako shule, mtu wa kuamia ndege sina. Ningekupa mabeseni kumi."

Alinitania mimi, na kwa haki. Nimepigwa na maisha mara nyingi: nimelala njaa, nimeachwa na lori, nimepunguzwa kama chumvi. Lakini sijawahi kujiona mjinga kama nilivyojiona mbele ya ndege yule wa kiasi cha kidole gumba.

Ng'washi alitoka jikoni. Akamtoa ndege majini kwa mikono miwili, akamfuta kwa pembe ya kanga, mbele na nyuma, kama anayemtoa mtoto kuoga. Akampuliza. Akamsubiri. Halafu akaenda kumchimbia kishimo kidogo chini ya ukuta wa jiko.

Aliporudi nilikuwa nimeshalibeba beseni nikalitupe.

"Unalipeleka wapi?"

"Jalalani. Mimi si mtu wa kazi hizi."

"Mtani, umewahi kuona ndege akiogelea?"

"Bata."

"Huyu alikuwa bata?"

"Hapana, mayu."

"Kitako cha mtungi kilikuwa kifupi, tena ndani kinakwaruza. Ndege hushika kwa kucha, akainama, akanywa. Lako halina pa kushika." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu kaburini. "Mwanza nzima hii ni mawe, Muharami. Leta mawe."

Niliyaleta. Nilipanda kule juu nikaokota moja moja: si mviringo, maana huteleza, si yenye ncha, maana huchoma. Mawe ya Mkolani ni makavu na ya chengachenga, ukiyashika yanakushika. Nikayapanga ndani ya beseni, makubwa katikati, madogo kandokando, mpaka maji yakabaki kama kidole kimoja juu ya mengine, na mengine yakachomoza makavu. Ng'washi akayarekebisha matatu niliyokosea. Akamwaga konzi ya chenga kando.

Siku ya nne ya msiba ndege hawakuja. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Huenda kifo cha mwenzao kiliwatisha, huenda wekundu ule uliwatisha, huenda walishapata maji kwingine wakatusahau. Siku ya tano hawakuja. Nilikuwa nafika kabla ya jua na kumkuta Ng'washi amesimama mlangoni kwa jiko, mahali pake, akitazama kigoda. Siku ya sita alikuja tetere mmoja, akazunguka beseni kama mnunuzi asiyetaka kuonekana ana haja, akala punje tatu, akaondoka bila kunywa.

"Kesho ndiyo kikao cha ukoo," Ng'washi aliniambia. "Wanataka nifunge nyumba, niende nao Sengerema. Mtani, nikitoka hapa, yule niliyekaa naye atakuwa hana mahali alipowahi kukaa. Na mimi sina kingine."

Nikamwambia kesho nitasema mimi. Akaniambia: "Wewe umekwisha sema."

Siku ya saba, jua halijatoka vizuri, nikasikia mbawa. Mnana dume, wa manjano, na uso mweusi kama aliyechungulia masizi. Akatua kwenye jiwe la katikati. Akapima upande huu, akapima upande ule. Akainama akanywa, akainua kichwa ili maji yashuke, akanywa tena. Kisha akasimama juu ya jiwe letu akaimba, kile kikelele chao kama cherehani isiyotiwa mafuta. Nilimgeukia Ng'washi. Alikuwa ameinua mkono kuelekea kigoda kitupu, vidole vinafunguka, vinafunga, haraka haraka, na safari hii hakuushusha.

*

Kikao kilikaa sebuleni saa nne. Mzee Antoni kwenye kiti cha pekee chenye mikono, Paulo kulia kwake, wazee wengine kwenye benchi, Ng'washi chini kwenye mkeka. Mimi niliruhusiwa mlangoni. Mzee Antoni akaeleza kwa upole kwamba mjane asiye na mtoto nyumbani hukaa chini ya ubavu wa ndugu wa mume, kwamba Paulo ana nyumba kubwa na mke mwenye heshima, kwamba hakuna anayemfukuza mtu.

Paulo akasimama. Alisema vizuri, na naamini alisema kwa moyo.

"Shemeji, wewe apa una nini? Kaka ameondoka. Kazi akuna. Maji ya bomba akuna. Ata wale ndege mliokuwa mnawalisha, mimi nimekaa apa wiki nzima, sijawaona. Wamekwisha kukuacha."

"Wamerudi," nikasema kutoka mlangoni. "Leo alfajiri. Wewe ulikuwa umelala."

"Mtani, nyamaza," akasema mzee Antoni. "Utani umefungwa jana tulipoondoa tanga."

"Si utani, mzee wangu. Kosa ni langu lote. Mimi ndiye niliyetoboa…"

"Muharami," Ng'washi akasema bila kugeuka, "kaa chini."

Nikakaa.

"Mmoja amerudi, kumi wamerudi, ni kitu gani?" Paulo akaendelea. "Mtu anakaa mjini kwa sababu ya ndege? Ndege ni adui, shemeji! Kwetu sasa ivi, ninavyosema, wako kwenye mtama wangu wanakula, na sina wa kuwapigia ata debe. Kwa iyo mimi nasema mbele ya baba: funga mlango uu, tuvuke leo. Uamie kwangu Sengerema. Uamie moja kwa moja."

Siku nyingine ningeidaka ile h ilipodondoka, ningeipeperusha mbele ya benchi zima la wazee. Siku ile niliiacha ilale chini.

Mzee Antoni alikung'uta fimbo. "Umesikia, mama. Shemeji yako amesema neno la wema. Ukiwa na jibu lenye uzito, litoe, nasi tutaondoka kwa amani tukuache kwako. Ukiwa huna, kivuko kinatungoja."

Nje, nyuma ya jiko, ile cherehani isiyotiwa mafuta ilikuwa imeanza tena, na safari hii zilikuwa mashine zaidi ya moja. Ng'washi alisikiliza. Akakunja miguu yake vizuri juu ya mkeka, akamtazama Paulo usoni, akamtamkia polepole, kwa midomo wazi, kama alivyozoea kumtamkia mumewe:

"Sema tena, shemeji, baba asikie vizuri: unataka nihamie, au niamie?"